Hadithi ya Mvua Isiyokatika na Msichana wa Kabatini

Ukurasa huu hujibu maswali ya wasomaji kuhusu vitabu na hadithi. Safari hii tumechagua barua tatu kutoka Kanda ya Kati, zote za watu wanaotafuta bunilizi za kisayansi walizozisoma zamani na ambazo wamebaki na vipande vyake tu.

SWALI

Ndugu Mhariri,

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, nilipokuwa mwanafunzi wa sekondari, mwalimu wetu wa Kiingereza alitugawia hadithi fupi iliyochapwa kwa stensili, karatasi chache zilizobanwa kwa pini, bila jina la mwandishi wala la kitabu ilikotolewa. Ilihusu sayari nyingine, nadhani Mirihi, ambako mvua hunyesha miaka nenda miaka rudi na majani hayana rangi ya kijani. Kulikuwa na darasa la watoto waliokuwa wakisubiri jua litoke, na mtoto mmoja wa kike ambaye wenzake walimfungia kabatini, akalikosa. Nakumbuka pia askari waliotembea katika mvua hiyo wakitafuta nyumba yenye jua ndani yake. Njiani baadhi yao walirukwa na akili, na yule aliyefika alikuta kikombe cha chokoleti ya moto mezani.

Darasa zima tulicheka, kwa kuwa mwaka huo mvua zilikuwa zimekata mapema na hakuna kati yetu aliyeweza kumwelewa mtu anayelilia jua. Sasa nimestaafu ualimu na ningependa kuwasomea wajukuu hadithi hiyo. Dada yangu, ambaye alisoma ng'ambo, anasisitiza kwamba mwishoni watoto wale walimpa msichana maua kama njia ya kumwomba radhi. Mimi sikumbuki maua yoyote. Je, ni hadithi gani, na kati yetu nani anasema kweli?

Mwalimu mstaafu, Mpwapwa

JIBU

Mwalimu, unachokitafuta ni hadithi mbili. Zote ni za Ray Bradbury, mwandishi wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1920 katika mji wa Waukegan, Illinois, na kufariki mwaka 2012. Ile ya watoto na kabati inaitwa "All Summer in a Day". Ilitoka kwa mara ya kwanza Machi 1954 katika jarida la The Magazine of Fantasy & Science Fiction, na baadaye ikaingizwa katika mkusanyiko wa A Medicine for Melancholy wa mwaka 1959. Ile ya askari inaitwa "The Long Rain", nayo imo katika mkusanyiko wa The Illustrated Man wa mwaka 1951. Inawezekana kabisa kwamba mwalimu wako aliwapa zote mbili katika muhula mmoja, au kwamba ya pili uliisoma mwenyewe baadaye, kisha zikaungana kichwani mwako.

Kuungana huko si jambo la kushangaza ukizisoma kwa kufuatana. Zote zinatokea Zuhura, zote zina mvua isiyokatika, na zote zina msitu uliopoteza rangi kwa kukosa jua. Zaidi ya hapo, katika zote mbili Bradbury anafananisha mimea hiyo na jibini: katika ile ya askari majani yana weupe wa jibini, na katika ile ya watoto rangi ya msitu ni ya mawe, ya jibini nyeupe na ya wino. Mwandishi aliyetumia picha moja mara mbili, kwa sayari ileile, hawezi kumlaumu msomaji wake kwa kuzichanganya. Kwangu mimi, yale majani yasiyo ya kijani ndiyo yaliyonithibitishia kwamba hadithi zote mbili zimetoka kwa mtu mmoja.

Kilichonifikisha kwenye hadithi ya kwanza, hata hivyo, ni kabati. Mvua ya daima kwenye Zuhura haitoshi kumtambua mwandishi yeyote, kwa sababu katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita ilikuwa mali ya kila mtu. Darasa la watoto nalo halitoshi. Lakini mtoto aliyefungiwa kabatini na wenzake siku ile moja ambayo jua linatoka, hilo ni tukio la hadithi moja, na ukimtajia mtu aliyewahi kuisoma hahitaji kusikia zaidi. Vivyo hivyo kwa hadithi ya pili: askari na mvua ni vitu vya kawaida, ila kikombe cha chokoleti kinachomngoja luteni ndani ya kuba lenye jua la kutengenezwa si cha kawaida hata kidogo. Wasomaji wengi wanaotuandikia huanza na mambo makubwa, yaani sayari, vita na roketi, kisha huongeza kwa haya, mwishoni mwa barua, kitu kidogo cha ajabu wanachodhani hakina maana. Sisi huanza kusoma barua zao kutoka huko mwishoni.

Sasa turekebishe machache. Sayari si Mirihi. Umefikiria Mirihi pengine kwa sababu Bradbury alijulikana zaidi kwa hadithi zake za Mirihi, alizozikusanya katika The Martian Chronicles mwaka 1950. Zuhura yenyewe inatusaidia kukadiria umri wa hadithi hata kabla ya kujua jina lake. Sayari hiyo imefunikwa na mawingu mazito kiasi kwamba darubini za zamani hazikuweza kuona chochote chini yake, na kwa kuwa palipo na mawingu watu hudhani pana maji, waandishi walijaza huko vinamasi, misitu na mvua. Mwezi Desemba 1962 chombo cha Marekani cha Mariner 2 kilipita karibu na Zuhura na vipimo vyake vikaonyesha joto kali mno, na mwaka 1970 chombo cha Kisovieti cha Venera 7 kilitua juu yake na kutuma taarifa kutoka ardhini. Leo tunajua kwamba joto la ardhi ya Zuhura ni takribani nyuzi 460 za Selsiasi, na kwamba mawingu yake ni ya asidi ya salfuriki. Kwa hiyo msomaji anayekumbuka Zuhura ya mvua na watoto wanaocheza nje aanze kutafuta katika machapisho ya kabla ya miaka ya 1960. Kipimo hiki hakikosei mara nyingi, na nashangaa kwamba watu hawakitumii zaidi.

Msichana anaitwa Margot. Ana umri wa miaka tisa, na alikuja Zuhura kutoka Ohio akiwa na miaka minne, kwa hiyo ndiye pekee darasani anayelikumbuka jua. Wenzake walizaliwa hukohuko, na jua lilipotoka mara ya mwisho, miaka saba iliyopita, walikuwa na miaka miwili tu. Margot anasema jua ni kama senti, au kama moto katika jiko, nao wanamwambia anaongopa. Hapo ndipo ilipo chuki yenyewe: wanamchukia kwa sababu aliwahi kukiona wasichokiona wao, na pia kwa sababu kuna uwezekano wazazi wake wakamrudisha Duniani. Mvulana aitwaye William ndiye anayeongoza uonevu, na mwalimu anapotoka kidogo wanambeba Margot na kumfungia. Ukiwasomea wajukuu, usiruke sehemu ile fupi inayoeleza alivyokataa kuoga shuleni, akiziba masikio na kupiga kelele kwamba maji yasimguse kichwani. Ni sentensi chache zinazobeba uchungu wote wa mtoto huyo kabla kabati halijatajwa.

Kuna jambo jingine linalowababaisha hata watu walioisoma vizuri, nalo ni muda wa jua. Wengi hukumbuka saa moja. Saa hiyo moja imo katika shairi dogo la Margot, analofananisha jua na ua linalochanua kwa saa moja tu. Mwalimu wao lakini anawaambia watoto wanapotoka nje kwamba wana saa mbili.

Kuhusu maua, wewe na dada yako nyote mnasema kweli, ila hamzungumzii kitu kimoja. Mwaka 1982 hadithi hii ilitengenezwa kuwa filamu fupi ya televisheni huko Marekani, na katika filamu hiyo watoto wanampa Margot maua waliyoyachuma wakati wa jua. Dada yako akiwa ng'ambo huenda aliiona hiyo. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, hivyo wewe ulibaki na maandishi, na maandishi hayana maua wala kuombana radhi. Mvua inarudi, mtoto mmoja anakinga tone la kwanza kiganjani, wanarudi ndani, kisha mmoja wao anamkumbuka Margot. Wanakwenda kabatini polepole sana, wanafungua mlango, wanamtoa. Imeishia hapo. Kwa maoni yangu filamu iliwahurumia watazamaji kuliko ilivyostahili, kwa sababu maua yanawapa watoto wale njia ya kulipa, wakati Bradbury aliwaacha wamesimama na deni lisilolipika.

Nimefikiria sana kuhusu kile kicheko chenu darasani. Dodoma hupata takribani milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na mtoto aliyekulia Ugogo anajua thamani ya wingu kabla hajajua kuandika. Hadithi inayomtaka alilie jua inamtaka ageuze kila alichofundishwa na ardhi yake. Walimu wengine wanaoifundisha hapa kwetu huwaomba wanafunzi waweke mvua mahali pa jua: darasa lililosubiri mvua miaka saba, na mtoto mmoja aliyewahi kuiona inanyesha. Ninaipenda mbinu hiyo, mradi mwishoni wanafunzi warudishwe kwenye hadithi ilivyoandikwa, kwa kuwa ubaridi na giza la Zuhura vina kazi yake na haviwezi kubadilishwa na vumbi bila kupoteza kitu.

Kuzipata: hadithi zote mbili bado zina hakimiliki, hivyo nakala halali zimo katika vitabu vinavyouzwa au kuazimwa. Kwa ya kwanza ulizia A Medicine for Melancholy, au kitabu kikubwa cha The Stories of Ray Bradbury cha mwaka 1980. Kwa ya pili ulizia The Illustrated Man, ambacho ni rahisi zaidi kukipata. Zingatia kwamba "The Long Rain" ilipotoka mara ya kwanza katika jarida la Planet Stories mwaka 1950 iliitwa "Death-by-Rain". Ukikuta orodha inayotumia jina hilo usidhani ni hadithi ya tatu.

SWALI

Ndugu Mhariri,

Nilisoma hadithi kuhusu dunia yenye majua mengi, ambako hakuna mtu aliyewahi kuona usiku. Wanasayansi wanagundua kwamba giza linakuja, na likija watu wanaingia wazimu na kuchoma mji. Ninachokumbuka vizuri ni maonyesho fulani ambako watu walilipa kiingilio ili wapitishwe kwa kigari katika handaki la giza kwa dakika chache, na baadhi wakatoka wakiwa wameharibikiwa akili. Jina la dunia hiyo lilikuwa Kalgash au Lagash. Niliuliza programu ya akili mnemba, ikanipa jina la hadithi na la mwandishi, lakini kila nilipotafuta sikuona kwamba hadithi hiyo imewahi kuwepo.

Mwanachuo, Manyoni

JIBU

Ni "Nightfall" ya Isaac Asimov, iliyotoka katika jarida la Astounding Science-Fiction toleo la Septemba 1941, mwandishi akiwa na miaka 21. Handaki lako ndilo ushahidi: safari ya dakika kumi na tano gizani, inayosimuliwa na mtaalamu wa akili ili kueleza kitakachowapata watu wote. Dunia hiyo ina majua sita. Kila baada ya miaka 2049 hubaki jua moja tu angani upande mmoja wa sayari, nalo hufunikwa na mwezi ambao siku nyingine hauonekani kwa sababu ya mwanga. Watu hawana taa za maana kwa kuwa hawakuzihitaji, hivyo wanachoma chochote kinachoshika moto. Lakini Asimov hakuridhika na giza peke yake. Pigo la mwisho ni nyota, maelfu kwa maelfu zinazojitokeza kwa mara moja mbele ya watu ambao hawakujua kama zipo. Mtu wa Manyoni anayeziona kila usiku usio na mawingu atahitaji kujilazimisha kidogo kuogopa, na hapo ndipo uzuri wa hadithi ulipo.

Mkanganyiko wa majina una jibu jepesi. Katika hadithi fupi ya 1941 dunia inaitwa Lagash. Mwaka 1990 Asimov na Robert Silverberg waliirefusha ikawa riwaya yenye jina lilelile la "Nightfall", na humo dunia ikaitwa Kalgash. Kama majina yote mawili yako kichwani mwako, basi umekutana na maandiko yote mawili, au umesoma moja na kusikia jingine likizungumzwa. Hadithi fupi utaipata kwa urahisi katika The Science Fiction Hall of Fame, juzuu ya kwanza, iliyotoka mwaka 1970 na kukusanya hadithi zilizopigiwa kura na waandishi wa Marekani wa fani hiyo. Ninakushauri uanze na hiyo fupi. Riwaya inaendelea kueleza yanayotokea baada ya usiku, na sioni kwamba hadithi ilihitaji maelezo hayo.

Kuhusu programu uliyoiuliza: mashine za namna hiyo huunda sentensi zinazofanana na jibu, na pale zinapokosa jibu la kweli huweza kuunda jina la hadithi linalosikika vizuri na kumpachikia mwandishi anayejulikana. Hazifai kutupwa, kwa sababu mara nyingine hupatia, lakini kila jina zinalotaja lipelekwe kwenye orodha iliyotengenezwa na watu wenye vitabu mkononi. Kwa fani hii orodha bora ni hifadhidata ya mtandaoni iitwayo Internet Speculative Fiction Database, ambayo huonyesha kila hadithi ilichapishwa wapi, lini, na katika mikusanyiko gani. Ina upungufu mmoja kwa mtu wa hali yako: hutafutwa kwa jina la hadithi, la kitabu au la mwandishi, wala haimsaidii anayekumbuka kisa peke yake. Hivyo kumbukumbu ya kisa hutumika kupata jina la kukisia, na hifadhidata hutumika kulihakiki. Hadithi ambayo haimo humo, ikidaiwa kuwa ya mwandishi maarufu wa Kiingereza, itilie shaka. Kama unakumbuka jalada la mkusanyiko na hadithi nyingine moja iliyokuwamo, ingia kwa hiyo nyingine, ufungue orodha ya yaliyomo, na mara nyingi utaiona uliyoisahau ikiwa imekaa jirani yake.

SWALI

Ndugu Mhariri,

Ninatafuta hadithi kuhusu mtu aliyehukumiwa kufa na wakubwa wa nchi yake, akatiwa ndani ya chombo cha kuruka angani ili aangamie nacho, lakini akamudu kukiongoza na kufika katika nchi ambako watu wanaishi kwa usawa. Nimeitafuta kwa Kiingereza kwa kila namna ya maneno bila kuipata. Niliisoma katika nakala iliyokuwa imepoteza jalada.

Msomaji, Kondoa

JIBU

Acha kuitafuta kwa Kiingereza. Uliyosoma ni riwaya ya Kiswahili, "Walenisi" ya Katama Mkangi, iliyochapishwa Nairobi mwaka 1995, na mtu huyo anaitwa Dzombo. Tunapata barua za namna hii mara kwa mara: msomaji anakumbuka chombo cha angani, anahitimisha kwamba kisa hicho lazima kimetoka Ulaya au Marekani, na kuanzia hapo kila hatua inampeleka mbali zaidi na rafu ambayo kitabu kipo.

Wenye maduka na wakutubi nao wamechangia, kwa kuwa mara chache utakikuta kitabu hiki kimewekwa pamoja na bunilizi za kisayansi. Wahakiki wamekijadili zaidi kama riwaya ya kisiasa, na hawakukosea, maana Mkangi, mwanasosholojia wa Kenya aliyewahi kuwekwa kizuizini mwaka 1986, hakuandika kuhusu mitambo kwa ajili ya mitambo. Chombo kile kinamtoa Dzombo katika nchi ya dhuluma ili msomaji aweze kuitazama nchi hiyo kwa mbali. Lakini safari ya angani ipo, jamii ya kubuni ipo, na mwandishi anaeleza kwa kina jinsi jamii hiyo inavyojiendesha. Kama hadithi hiyo ingeandikwa kwa Kiingereza, ingekuwa imeorodheshwa miongoni mwa bunilizi za kisayansi tangu siku ya kwanza, na wewe ungeipata.

Uliza kwanza kwa walimu wa fasihi ya Kiswahili, hasa wa vyuo vikuu, kwa kuwa riwaya za Mkangi, pamoja na "Ukiwa" ya 1975 na "Mafuta" ya 1984, zimekuwa zikisomwa katika kozi za fasihi. Kwa wauza vitabu vya mitumba ni bora utaje jina la mwandishi kuliko la kitabu. Na ukiletewa nakala nyingine isiyo na jalada, usihangaike kuisoma yote papo hapo dukani: tafuta jina la Dzombo katika kurasa za mwanzo, na ukilikuta, lipia.